Vézelay: kanisa nyota tano, kampuni ya ziara nyota moja (na hiyo naifikiria)

Hasira yangu si juu ya kanisa. Ni juu ya kampuni ya ziara iliyotupeleka Vézelay, Burgundy, Ufaransa, mwezi wa sita, siku za karibu na tarehe 21, kisha ikatutoa saa sita na robo mchana. Saa moja na nusu kabla ya kile ambacho watu hupandia kile kilima!

Basilika ile ya Maria Magdalena imeelekea mashariki. Jua la mwaka linapofika kileleni, mwanga wa madirisha ya juu ya kusini huanguka katikati ya ukumbi mkuu, madoa ya nuru yakajipanga sakafuni mstari mmoja hadi kwenye altare. Hutokea saa sita ya jua, siyo saa sita ya ukutani. Saa za Ufaransa wakati wa kiangazi zimesogezwa mbele, kwa hiyo jua huvuka kusini mwa Vézelay yapata saa nane kasoro robo, likiwa juu nyuzi 66 hivi. Ukienda mapema, madoa yamelala mshazari upande wa kulia, hayajafika mstari wa kati. Kiongozi wetu aliyaona hivyo, akatangaza kwamba habari zile ni hadithi tu. Alipoelezwa habari ya saa, akapiga makofi kama anayeswaga mbuzi: basini!

Niwe mkweli, kwenye baraza la mbele alifanya vizuri. Wengi hupita mbio, kumbe mchongo mkubwa uko humo ndani, juu ya mlango wa kati: Kristo ameketi, miale inatoka mikononi mwake kuwaendea mitume, na chini yake mataifa ya dunia kama watu wa karne ya 12 walivyoyafikiria. Wapo wenye masikio makubwa kama ungo, na mtu mfupi anayepanda farasi kwa ngazi. Hapo alituachia muda. Nyota moja ni ya masikio yale.

Lakini ndani! Ukumbi ulijengwa upya baada ya moto wa 1120, matao yake jiwe jeupe, jiwe la kahawia, jeupe, kahawia. Dari siyo pipa moja refu kama makanisa mengi ya Kiromaneski, ule mtindo wa zamani wa kuta nene na matao ya duara. Kila chumba cha dari ni mapipa mawili yaliyopishana msalaba. Ndiyo maana kuta ziliweza kutobolewa madirisha juu, na ndiyo maana madoa yale yapo. Gharama yake ni msukumo: dari lilizisukuma kuta nje, na matao yakabonyea. Simama katikati, kisia timazi kwa macho kutoka dari hadi sakafu, utaona kuta zimeachana juu. Miega ya mawe unayoiona nje ilikuja baadaye, na msanifu majengo Viollet-le-Duc, aliyekabidhiwa kazi mwaka 1840 akiwa na miaka 26, ndiye aliyeliokoa jengo lisianguke. Kiongozi hakugusa hata neno moja la haya. Basi hata ile nyota ya masikio naiondoa.

Wala hakutuonyesha kinu. Kiko kulia unapoingia, kwenye kichwa cha nguzo: Musa anamimina nafaka, gurudumu la kinu lina umbo la msalaba, Paulo ameinama anakinga unga kwa gunia. Unaona hadi mikunjo ya gunia. Beba darubini ndogo, maana vichwa vya nguzo viko juu.

Nendeni wenyewe. Kuingia ni bure. Stesheni ni Sermizelles, kama kilomita 10, kwa hiyo panga usafiri wa kupandia kilimani kabla hujashuka treni. Fika saa sita na nusu, anza na baraza, kisha nguzo, na saa saba na nusu uwe umesimama nyuma ya ukumbi, mgongo kwenye mlango. Desemba nenda pia: jua huwa chini nyuzi 19 tu, na nuru hupanda kwenye vichwa vya nguzo vya kaskazini.