tmux imeokoa kazi yangu halafu ikala eror zangu

Bado nina hasira kwa hiyo mnivumilie. Juzi kati nahamisha databesi ya mteja kwenda seva mpya, kazi ya usiku kucha, nikaiwasha ndani ya tmux (programu inayoshikilia madirisha yako ya komandi kwenye seva hata ukitoka), dirisha moja pg_restore (inayorudisha databesi kutoka kwenye nakala), jingine htop (inayoonyesha mzigo wa mashine), la tatu logi. Usiku umeme ukakatika, ruta ikazima, ssh, ile njia yangu ya kuingia kwenye seva kutoka mbali, ikafa. Asubuhi nagonga tmux attach, vitu vyote viko palepale na kazi imeshaisha! Niliipenda sana dakika ile, maana kwa ssh kavu laini ikikata shell (inayopokea komandi zako) inapigwa SIGHUP, yani ishara kwamba laini imekatika, na programu zako zinaondoka nayo, ila hapa seva ya tmux inabaki kulekule imezishikilia, kinachokufa ni dirisha la kuchungulia tu.

Sasa mstari wa mwisho wa pg_restore unasema kuna eror imezipuuza. Haya, zipi? Nazungusha mausi nipande juu, badala ya kupanda inaniletea komandi zangu za zamani, ls, cd, ls, cd, nazungusha tena, zilezile. Kumbe mausi inakuja imezimwa, mpaka ubonyeze Ctrl-b halafu mabano ya mraba ndo upande, na kutoka ni q, yani nani alikaa akaona hii ni sawa? Nikapanda, nikagota. Mistari 2000 basi! Na nilikuwa nimewasha verbose, yani ieleze kila hatua, kila jedwali linatapikwa pale, eror zenyewe zilishafutika kitambo.

Nikamuuliza kaka mmoja wa siku nyingi kwenye mambo ya seva, shikamoo zote nimetoa, jibu lake: "Dogo, kwani hukuweka history-limit? Soma manyuali." Basi. Kumbe hiyo ndo idadi ya mistari ambayo tmux inatunza. Nikaweka 50000, naangalia dirisha langu, bado 2000, kwa sababu lililokwishafunguliwa linabaki na kipimo chake cha zamani, ni madirisha mapya tu ndo yanapata. Na hilo kaka hakulisema!!

Nikaapa narudi kwenye screen, programu ya kazi hiyohiyo, ile ya tangu 1987. Nikakuta yenyewe bila kuigusa inatunza mistari 100. Mia. Nikanyamaza kwanza. Kinachoniuma zaidi ni kwamba nohup, komandi ya kuiacha programu iendelee hata laini ikikata, hiyo ambayo vijana wa tmux wanaicheka, ingeniandikia kila herufi kwenye nohup.out bila kuombwa.

Kwa hiyo nyota mbili. Sawa, tatu, maana bila yenyewe ningeamka sina kazi wala eror. Ila anayekwambia tmux inatunza kazi yako muulize inatunza nini hasa, programu au ilichosema hiyo programu, maana ya pili haitunzi yote. Mimi mausi nimeiwasha kwa set -g mouse on, na saa hizi naurudia uhamishaji wote kuanzia mwanzo ndani ya tmux hiyohiyo, na komandi ya tee pembeni inaandika kila kinachotoka kwenye faili. Mteja ameshapiga simu mara mbili.