Mbegu za asili za maboga na figili Tabora: uzoefu wangu na aina nne

Hizi nne nimezijaribu kwenye bustani ya kichanga nje kidogo ya mji wa Tabora: maboga aina mbili, figili aina mbili. Kabla ya zote, geuza pakiti. Neno "asili" kwa mbele halina maana kama nyuma kumeandikwa F1, yaani chotara la kizazi cha kwanza. Mbegu utakazokamua kwenye boga la F1 hazitazaa boga kama mama yake. Pakiti moja niliyouziwa kama ya asili ilikuwa na F1 kwa herufi ndogo pembeni. Nikairudisha.

Kwa maboga, soma pia jina la kisayansi. Huku tafuta Cucurbita moschata. Utaitambua hata sokoni kwa kikonyo: kigumu, chenye pembe tano, kinapanuka pale kinaposhika tunda. Cucurbita maxima kikonyo chake ni cha mviringo, laini kama gome la kizibo.

Musquée de Provence ni moschata ya Ufaransa, na ndiyo ninayoipa alama zote. Nyama nzito ya rangi ya chungwa, tamu, na boga linakaa ghalani miezi. Inachelewa, siku 110 hadi 125, kwa hiyo ipandwe mvua za Novemba zinapotulia. Ukisubiri Januari, mvua zitakatika tunda halijakomaa. Shimo liwe na upana wa sentimita 45, nusu debe ya samadi iliyooza, mbegu 3 kina cha sentimita 3, kisha bakiza mche 1. Nafasi mita 2.5 kila upande, maana inatambaa kweli. Ncha za matawi ya pembeni ni msusa mzuri, ila shina kuu usiliguse.

Rouge Vif d'Étampes, maxima, ni nyekundu na bapa, inapendeza mno kwenye picha. Nyama yake ina maji na utamu hafifu, na ubwiri unga (ukungu mweupe kama unga) uliyafunika majani mapema. Sitainunua tena kwa kula.

Nzi wa matunda anasumbua aina zote mbili. Anatoboa tunda likiwa dogo kama yai, unaona tone la utomvu, baadaye linaoza kwa ndani. Lifunge gazeti mara ua linaponyauka. Yaliyooza yafukie kina cha nusu mita; ukiyatupa pembeni umefuga nzi.

Anayetaka mbegu akumbuke kuwa Tabora ni nchi ya nyuki. Moschata mbili tofauti zikiwa jirani zitachanganyika. Tunda la mwaka huu halitaonyesha, ila mbegu zake zitakushangaza mwakani. Jioni funga kwa uzi ua dume na ua jike (jike lina kiboga kidogo chini yake) yatakayofunguka kesho. Alfajiri chuma dume, ng'oa petali, pakaza chavua kwenye jike, lifunge tena na uweke alama ya kitambaa.

Figili ni za kiangazi cha baridi, Mei hadi Julai, kwa kumwagilia. Cherry Belle iko tayari siku 25 hivi. Ikipita wiki moja inakuwa na sponji ndani. Panda kina cha sentimita 1, kisha punguza ibaki sentimita 5 kati ya mche na mche. Watu wengi hawapunguzi, halafu wanalalamika wamevuna majani matupu. Samadi mbichi nayo inagawanya mzizi vidole. Kichanga kinakauka upesi: mwagilia kidogo kila siku, maana ukiacha kikauke kisha ukafurikisha, zinapasuka.

Black Spanish, nyeusi nje na nyeupe ndani, inataka siku 55 hadi 60 na nafasi ya sentimita 12. Ni kali, inafaa kachumbari na nyama choma. Nimeipenda kuliko Cherry Belle kwa sababu inavumilia kukaa ardhini.

Ukikusanya mbegu za figili, ile inayowahi kutoa maua ing'oe mapema. Mbegu ya iliyowahi huzaa zinazowahi, na misimu michache tu utabaki na figili zisizo na kichwa.