Uzoefu wangu: geji mpya na taa za tahadhari kwenye injini ya mashua ya tanga

Seti niliyofunga ina geji nne za mshale: ya raundi (kasi ya mzunguko wa injini), inayotaka tundu la milimita 85, na za presha ya oili, joto na volti, milimita 52 kila moja. Zimo pia taa tatu za LED na king'ora kidogo. Geji zenyewe sina neno nazo: zinasomeka hata jua likiwa kali. Karatasi ya maelekezo ndiyo ya hovyo, na mambo iliyoyaruka ndiyo yenye kazi.

Kabla ya kununua, hakikisha sensa na geji vinalingana. Geji ya presha ya mtindo wa Ulaya hutaka sensa ya omu (kipimo cha ukinzani wa umeme) 10 hadi 180. Ya Kimarekani hutaka 240 hadi 33, yaani inakwenda kinyume. Sensa ya joto ya seti hii ina takriban omu 287 kwenye nyuzi 40 na omu 22 kwenye nyuzi 120. Itumbukize kwenye maji ya moto pamoja na kipimajoto, uipime kwa maltimita kabla ya kuifunga. Ni kazi ya dakika chache.

Ziangalie tena namba hizo. Kwenye nyuzi 90 sensa ya joto ina omu 51 hivi. Plagi yenye kutu ikiongeza omu 18, geji itaonyesha nyuzi 80. Geji ya presha ya mtindo wa Ulaya nayo hudanganya: ukinzani ukizidi, mshale unapanda. Kwa hiyo muunganisho mbovu hukuonyesha injini iliyopoa na yenye oili ya kutosha, wakati hali halisi ni kinyume. Ndiyo maana sikubali kufunga geji mpya kwenye plagi ile ya pini nyingi iliyo nyuma ya injini. Ikate, uvute nyaya mpya zilizopakwa bati, milimita za mraba 1.5 kwa kila sensa, na waya wa hasi wa milimita za mraba 4 kutoka dashibodi moja kwa moja hadi kwenye bloku ya injini. Fyuzi ya ampea 5 inatosha geji na taa.

Swichi ya oili ya zamani, ile inayowasha taa ya tahadhari, usiitupe. Tumia kiungo cha T ili swichi na sensa vikae pamoja, maana taa huonekana haraka kuliko mshale. Sensa ya presha ni nzito, na ukiining'iniza kwenye T ya shaba, mtikisiko wa dizeli utaipasua shingo na oili yote itamwagika. Afadhali uipeleke ukutani kwa hozi fupi ya oili na kuibana kwa klampu. Lakini sensa ya waya mmoja hupata hasi kupitia mwili wake, na hozi inaikata hasi hiyo, basi iwekee waya wake wa hasi. Tepu ya tefloni nayo usiizungushe hadi mwisho wa nyuzi za skrubu, kwa sababu hiyo hiyo.

Taa ya chaji ndiyo iliyonikera. Altaneta (jenereta ya injini inayochaji betri) nyingi huamshwa na mkondo unaopita kwenye balbu hiyo. LED haipitishi mkondo wa kutosha, hivyo altaneta haiamki mpaka uongeze raundi, na pengine haichaji kabisa. Weka rezista ya omu 68, wati 5, sambamba na LED.

King'ora kimoja kikitumika kwa oili na joto, kila swichi iwe na dayodi yake, kifaa kinachopitisha mkondo upande mmoja tu (1N4007 inafaa), mstari wake ukielekea kwenye swichi. Bila dayodi, hitilafu moja huwasha taa zote mbili. Ukifungua ufunguo kabla ya kuwasha injini, taa ya oili na king'ora lazima viitike. Swichi ya joto haijipimi yenyewe, kwa hiyo chomoa waya wake na uugusishe kwenye bloku mara kwa mara.

Geji ya raundi husoma mapigo ya umeme kutoka terminali W ya altaneta. Altaneta ya poli 12 hutoa mapigo 6 kwa kila mzunguko wake. Pulei zikiwa 2 kwa 1, weka 12 kwa kila mzunguko wa injini, kisha uhakiki kwa takometa ya mwanga.

Kilichokosekana ni sensa ya ekzosi, na kwangu hilo ni pungufu kubwa. Impela (gurudumu la pampu ya maji ya bahari) ikikatika, hozi ya ekzosi huanza kuungua kabla maji ya ndani ya injini hayajachemka. Na maji hayo yakivuja yote, sensa ya joto inabaki hewani na kusoma chini. Nunua kando sensa ya kufunga juu ya hozi, mara tu baada ya kona inayochanganya maji na moshi, uiunganishe na king'ora kile kile kwa dayodi ya tatu.