TAHADHARI: Anauza majiko ya kuni yaliyopasuka, Molo hadi Limuru

Ndugu zangu mnaoishi sehemu za baridi, Molo, Kinangop, Ol Kalou, Limuru na kwingineko: kuna mtu anatangaza mitandaoni majiko ya kuni ya chuma cha kusubu, yale mazito ya kupasha nyumba joto, akidai yametolewa kwenye nyumba za Wazungu zilizobomolewa. Msimtumie pesa. Jiko alilotuuzia sisi lilikuwa na nyufa zilizozibwa kwa saruji ya moto, ile ya kuzibia majiko, kisha likapakwa rangi nyeusi. Jiko la namna hiyo likiwashwa ndani ya chumba cha kulala linaweza kuua watu wakiwa usingizini.

Sisi tuko Molo, kwenye nyumba ya mawe ya shambani iliyojengwa na walowezi. Kuta zake ni nene, na mwezi wa Julai zikishika baridi haziachii. Sebuleni kuna jiko linalofanya kazi vizuri. La pili tulilitaka kwa ajili ya chumba cha nyuma, ambako mama alihamia baada ya magoti kumsumbua. Chumba hicho kina dohani yake.

Muuzaji alituma picha safi, jina la Jøtul, kampuni ya kutengeneza majiko, likionekana mlangoni. Bei ni Sh65,000, nusu ilipwe mara moja kushikia mzigo kwa sababu eti kuna mteja wa Nanyuki anayelijia kesho asubuhi. Mzigo ulifika giza likiingia, ukiletwa na dereva aliyesema kazi yake ni kubeba tu. Rangi ilikuwa bado inanuka.

Namshukuru sana fundi wetu, maana alikataa katakata kuliingiza ndani kabla ya kuliwasha uani. Moto ulipokolea, rangi ilibabuka, vipande vya saruji vikaanguka, na ufa ukajitokeza kuanzia pale bomba la moshi linapoingia, ukashuka ubavuni hadi kwenye kona. Upande wa pili palikuwa na ufa mwingine uliochomelewa kwa vijiti vya kawaida vya chuma. Chuma cha kusubu hakichomelewi hivyo. Kinatakiwa kipashwe moto kwanza, kichomelewe kwa vijiti vya nikeli, kisha kiachwe kipoe polepole. La sivyo kinapasuka tena kandokando ya kiungo. Na lile jina la Jøtul lilikuwa kibati kilichogundishwa. Kampuni hiyo ya Norwe, iliyoanza mwaka 1853, jina lake hutokea kwenye chuma chenyewe, limesubiwa pamoja nacho.

Tulipompigia alisema moshi ni kawaida, ni rangi mpya inaungua. Hapa ndipo ujanja wake ulipo, kwa sababu ni kweli jiko lililopakwa rangi hutoa harufu na moshi kidogo linapowashwa mara ya kwanza. Anajificha nyuma ya ukweli huo ili mwenye nyumba avumilie, aendelee kuwasha, na siku za kulalamika zipite. Baadaye akasema tumewasha moto mkubwa kupita kiasi. Kisha akatufungia simu. Sasa tangazo limerudi kwa jina jingine la muuzaji, picha ni zilezile, jiko likiwa limesimama kwenye sakafu ya vigae vyekundu mbele ya ukuta wa kijani.

Hewa inayopenya kwenye nyufa kama hizo ni kaboni monoksidi. Haina rangi wala harufu. Mtu anaanza kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, anasema labda ni malaria au mafua, anajilaza, na haamki. Kila msimu wa baridi tunasikia habari za familia zilizolala na jiko la makaa chumbani. Mgonjwa asiyeweza kuinuka mwenyewe kufungua dirisha ndiye aliye hatarini zaidi, na ndiye huyo tunayemnunulia jiko.

Kama unatafuta jiko lililotumika, nenda ulione mchana, na uende na fundi. Weka tochi inayowaka ndani yake, funga mlango, zima taa ya chumba: mwanga ukitokeza popote, moshi nao utapita hapo hapo. Gonga kila upande kwa spana. Chuma kizima kinalia kama kengele, kilichopasuka kinatoa sauti iliyokufa. Bana karatasi kwenye mlango uliofungwa; ikichomoka kwa urahisi, kamba inayoziba ukingo wa mlango imeisha, na hilo ni jambo dogo, kamba inabadilishwa. Muuzaji akikuonyesha sumaku inavyonasa, usiridhike, kwa sababu hata bati jembamba linanasa sumaku. Rangi mbichi kwenye jiko kuukuu iwe sababu ya kuikwangua kidogo uone kilicho chini yake.

Dohani za nyumba hizi za zamani nazo zikaguliwe. Yetu ilikuwa na masega ya nyuki. Usiunganishe majiko mawili kwenye dohani moja ili kuokoa gharama ya bomba, kwa maana moshi wa jiko moja unaweza kurudi kupitia jingine. Kuni ziwe kavu kabisa. Msaipresi mbichi hujaza masizi upesi, na masizi hayo yakishika moto dohani nzima inawaka.

Kwa waliokwisha kumlipa: kutuma ujumbe wa M-Pesa kwa 456 kuomba pesa zirudishwe kunasaidia zaidi aliyekosea namba, na huyu hutoa pesa mara tu zinapoingia. Nendeni kituo cha polisi kilicho karibu, muandikishe na mpewe namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi. Kupata pesa kwa udanganyifu ni kosa chini ya kifungu cha 313 cha Kanuni ya Adhabu. Msifute jumbe zake, hifadhini picha za tangazo na namba ya gari lililoleta mzigo. Sisi tumeshaandikisha Molo. Kama una jiko lake nyumbani sasa hivi, usiliwashe usiku wa leo, hata kama halijatoa moshi wowote.