JUICE, programu ya kupanga jamii za mimea: nilivyoiona kwa data za Kilimanjaro

Nyota nne kati ya tano. Nyota ya tano nimeizuia kwa sababu nitakazozieleza, lakini mwenzangu yeyote wa misitu au botania mwenye madaftari yaliyojaa majina ya mimea na asiyejua aanzie wapi, ningemwambia aipakue leo. Ni ya bure. Aliyeiandika ni Lubomír Tichý wa Chuo Kikuu cha Masaryk, Brno, Jamhuri ya Cheki, na makala ya kuitambulisha ilitoka mwaka 2002. Haidai kompyuta ya nguvu. Laptopu yangu ya kazini ni ya zamani na inaifungua bila kusuasua.

Mimi ni mtu wa ploti, yaani vipande vya ardhi vilivyopimwa ambavyo mimea yake tunaiorodhesha. Kazi yetu ni kupanda mteremko wa kusini kutoka Marangu, kufunga kamba, kuandika kila mmea ulio ndani yake na kukadiria umefunika sehemu gani ya ardhi. Tunatumia kipimo cha Braun-Blanquet: alama ya r au + kwa mimea michache sana, kisha 1 hadi 5, na 5 maana yake umefunika zaidi ya robo tatu ya ploti. Alama hizo zikiingia kwenye mashine hugeuzwa kuwa asilimia. 3 huwa 38, 4 huwa 68, 5 huwa 88. Baada ya hapo unabaki na jedwali refu kama barabara, spishi zikishuka upande mmoja na ploti zikienda upande wa pili, na hakuna jicho linaloweza kuona mpangilio wowote humo.

Ninachokipenda zaidi katika JUICE ni kwamba jedwali lenyewe halipotei. Programu nyingine hukupa mchoro wa matawi na tarakimu, mimea yako huioni tena. Hapa spishi zinabaki mbele ya macho yako. Unapaka rangi safu unazotaka, unahamisha ploti kutoka kundi hili kwenda lile, unapanga upya, na kila badiliko unaliona mara moja kwenye majina unayoyafahamu. Kwa mtu aliyewahi kuushika mmea wenyewe mkononi, hilo lina thamani kubwa kuliko grafu.

Upangaji wenyewe hufanywa hasa na TWINSPAN, njia ya Mark Hill ya mwaka 1979, ambayo JUICE inaiendesha. Inazipanga ploti zote kufuata tofauti kubwa kuliko zote katika data, inazikata vipande viwili, kisha kila nusu inakatwa tena vipande viwili. Hapo ndipo penye kasoro yake. Kundi ambalo ploti zake zote zinafanana litakatwa tu, kwa kuwa zamu yake imefika. Kwa data zetu, msitu wa juu wa mti wa Erica trimera, wenye spishi chache, ulipasuliwa vipande kwa tofauti ndogo za majani ya chini, wakati msitu wa chini wenye mchanganyiko mkubwa ulipewa idadi ileile ya vipande. Hiyo siyo Kilimanjaro ninayoijua.

Dawa imo ndani ya programu hiyohiyo. Mwaka 2009 Roleček na wenzake, akiwemo Tichý, walitoa TWINSPAN iliyorekebishwa: katika kila hatua linakatwa lile kundi lenye mchanganyiko mkubwa kuliko mengine, basi. Unaweza kuomba makundi matano au saba badala ya kulazimishwa manne au manane. Tulipoitumia, msitu wa Erica ulibaki mzima na msitu wa chini ndio uliogawanyika. Tumieni hii, ile ya zamani iacheni.

Kitu cha pili kinachoipa thamani ni kipimo cha uaminifu wa spishi kwa kundi lake, yaani phi. Mmea unaoota kila mahali mlimani hupata karibu na sifuri hata kama umejaa tele. Mmea unaokaa ndani ya kundi moja na kukosekana kwingine, thamani yake ya phi hupanda. Kuna mahali pa kusawazisha ukubwa wa makundi, na nasisitiza pawashwe, kwa sababu sote tuna ploti nyingi karibu na njia ya wageni na chache kwenye mabonde magumu. Kuna pia jaribio la Fisher, la kitakwimu, la kuficha thamani ambazo huenda zimetokea kwa bahati tu.

Sasa mipaka yake. JUICE haijui historia. Kuna kundi ililolitenga waziwazi, likiongozwa na mti wa Macaranga kilimandscharica, na mwanafunzi mmoja akaanza kuliita ukanda mpya wa mimea kwa mwinuko wake. Lakini mwinuko wake ni uleule wa msitu wa mseri, Ocotea usambarensis. Mzee mmoja wa kijijini alitupeleka akatuonyesha visiki vya miseri iliyokatwa zamani. Macaranga iliingia kwenye uwazi ulioachwa. Kule juu moto umefanya kazi ya namna hiyo, umegeuza msitu kuwa vichaka vya Erica. Mtu akichukua mikanda mitatu ya mimea ya milimani ya mtaalamu wa botania Hedberg ya mwaka 1951, yaani msitu, Erica na ile ya juu kabisa ya milima ya Afrika, akaifananisha na makundi yake bila kuuliza, ataviita vichaka vya moto ukanda wa asili.

Nasema hivi kwa sababu hatari ya kuazima mpangilio wa mlima mwingine ni kubwa. Mlima Kenya na Meru wana mkanda wa mianzi, Kilimanjaro haina. Andreas Hemp, aliyechambua ploti 600 za misitu ya mlima huu kwa Braun-Blanquet, alionyesha kwamba zipo sehemu ambapo spishi nyingi hubadilika kwa pamoja, siyo polepole tu kadiri unavyopanda. Mambo kama hayo huonekana kwenye data za mlima wenyewe.

Sababu ya kuinyima nyota: haikusaidii kusafisha majina. Zamani Erica kadhaa ziliandikwa Philippia, na madaftari ya zamani bado yana jina hilo. Ukiingiza yote mawili, mmea mmoja unakuwa safu mbili na unaweza kuzaa kundi la uongo kati ya ploti za zamani na mpya. Safisha orodha kabla ya kuingiza. Menyu zote ni za Kiingereza kizito cha wataalamu, na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza atahitaji mtu wa kukaa naye. Halafu ni ya Windows. Mwenye Mac na anayejua R, lugha ya kompyuta ya takwimu, ataridhika zaidi na paketi yake ya vegan.

Kwa sasa tunaingiza ploti za upande wa Rongai, msitu mkavu wa mitarakwa, na nitatumia mgawanyo wa 2009 tangu mwanzo.