Kijumba cha Jambiani: kitanda ni mashua, bafu halina paa, na bahari huondoka saa nne asubuhi

Nianze na mlango, kwa sababu wenyewe ndio ulionianza mimi. Unanifika kidevuni, na mimi si mrefu. Siku ya kwanza nilijigonga mara mbili, ya pili mara moja, ya tatu nikawa nimeshazoea kuinama kama mtu anayeingia kwa mkwewe. Na kweli nilikuwa na mkwe humo ndani, maana safari hii tulikwenda watatu: mimi, mke wangu na mama yake.

Mama mkwe ni mtu wa Kondoa. Amelima mtama na alizeti maisha yake yote na bahari alikuwa hajaiona. Mke wangu alimwahidi tangu tulipooana, na mwezi wa saba mwaka huu ahadi ikaiva. Hoteli za ufukweni tulizipigia simu, bei tukazisikia, tukakata. Ndipo jamaa mmoja tunayefanya naye kazi akanionyesha picha za kijumba kimoja Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja, upande wa Kikadini. Shilingi 90,000 kwa usiku, nyumba nzima, chai ya asubuhi humohumo. Maelezo yalisema "hatua ishirini kutoka baharini". Tukalipia usiku nne.

Tulitoka Dar na boti ya saa sita na nusu, kisha daladala namba 309, ile ya bodi la mbao wanayoiita chai maharage. Mnakaa mmetazamana, magunia ya unga katikati. Tulipopita msitu wa Jozani kima punju walikuwa barabarani kabisa na dereva akapunguza mwendo bila kuambiwa. Saa kumi na nusu tukashushwa njia panda, tukaburuta mabegi kwenye mchanga mweupe mpaka mlangoni.

Sasa nyumba. Mwenyewe ni mzee aliyekuwa fundi wa mashua, na aliijenga kama mtu asiyejua kujenga kitu kisichoelea. Kuta ni mawe ya matumbawe na chokaa, nene kiasi kwamba mke wangu aliweka begi zima kwenye kizingiti cha dirisha. Paa ni la makuti, na kinacholishikilia katikati ni mlingoti wa dau, bado una alama za kamba. Ukutani amepachika chupa za kijani, matako nje, na jua likichomoza chumba kinakuwa kama ndani ya tangi la samaki. Kitanda cha chini ni mashua yenyewe. Ameikata nusu, akatoa mataruma mawili, yaani mbavu zake, akaweka chaga na godoro. Kichwa unalaza omo, yaani upande wa mbele. Ukipitisha kidole ubavuni unakuta pamba ya kalafati, ile ya kuziba nyufa, ingali mahali pake.

Kitanda cha pili kiko juu, chini ya makuti, na unapanda kwa ngazi. Milango ya ndani hakuna hata mmoja, zipo kanga zilizotundikwa.

Hapa ndipo penye kasoro kubwa ambayo picha hazikuionyesha. Kwetu Tabora mkwe hupishwa njia. Hamkai mkeka mmoja, hamli sahani moja, na hakika hamlali nyumba yenye kanga kwa mlango. Mama alijaribu kwanza baraza, upepo wa kusi ukamrudisha. Akajaribu kupanda ngazi, akafika kijiti cha tatu, akasema yeye si kuku. Mwisho akalala ndani ya mashua. Mzee alikuwa amesimama mlangoni na taa, akacheka, "Ndiyo mambo hayo, mwanangu. Kwenda tezi na omo, marejeo ngamani." Mama hakuielewa hiyo methali mpaka asubuhi, alipoelezwa kwamba tezi ni nyuma ya chombo, na ngama, tumboni mwake, ndimo alimolala.

Sisi tukaenda juu. Sakafu ya juu ni mbao zilizopigiliwa bila kubanana, kwa hiyo kila nikigeuka nyumba nzima inapata taarifa. Na ngazi inashukia chumbani kwa Mama. Usiku wa kwanza nilibanwa na mkojo saa nane, nikakaa nikiitafakari ile kanga iliyo chini ya ngazi, imeandikwa "Mdhaniaye ndiye kumbe siye". Ikabidi nipige hodi kutoka juu. "Hodi, Mama, napita." Kimya kidogo, kisha, "Pita, mwanangu, nimegeukia ukutani." Hivyo ndivyo tulivyoishi siku nne. Kwa mume na mke peke yao nyumba hii ni raha tupu. Kwa waliofuatana na wakwe, wajomba au mchungaji wao, fikirieni.

Kuhusu zile hatua ishirini: nilizihesabu, ni kumi na nane. Jioni tuliyofika maji yalikuwa yamejaa mpaka yanalamba ukuta wa baraza, Mama akakaa ameweka mikono mapajani, hasemi. Alionja kwa kidole, akatema, akaonja tena. Nikajisifu moyoni. Kesho yake saa nne asubuhi alitoka na kikombe cha chai, akasimama, akaniita kwa sauti ya mtu aliyeibiwa: "Baba, bahari wameipeleka wapi?"

Ilikuwa imeondoka. Mbele yetu kulikuwa na mchanga, majani, vidimbwi, na mawimbi yakionekana mbali kama mstari wa chokaa pale kwenye mwamba. Mashua zimelala ubavu. Tulikuwa tumefika mwezi ukiwa mpevu, siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, na upande huu maji ya bamvua hujaa kama saa kumi na kupwa kama saa nne, asubuhi na usiku, kisha kila siku yanachelewa dakika arobaini au hamsini. Mwezi mpya ni vilevile. Ikiwa unachotaka ni kuogelea asubuhi baada ya chai, nenda mwezi ukiwa nusu, wakati wa maji mafu, hapo bahari haiendi mbali. Hili lingeandikwa kwenye maelezo ya nyumba kabla ya mambo ya intaneti, ambayo kwa taarifa yenu inapatikana ukisimama kwenye kona moja ya baraza.

Lakini maji kuondoka ndiko kulikomfurahisha Mama kuliko yalivyojaa. Mke wa mzee alipita na ndoo na kamba begani, wakasalimiana, na kufumba na kufumbua wakulima wawili wameshatambuana. Akamchukua shambani kwake, shamba la mwani, huko ndani kulikokuwa bahari jana. Vigingi vimesimamishwa mistari miwili, kamba imevutwa katikati, na kwenye kamba vimefungwa vijichipukizi vya mwani kwa vijikamba wanavyoviita taitai. Baada ya kama wiki sita wanavuna, wanaanika, wanauza. Kazi hii ilianzia vijiji hivi, Paje na Jambiani, mwaka 1989, na mpaka leo walio wengi ni wanawake. Mama alirudi saa saba, kanga imelowa mpaka kiunoni, vidole vimekunjamana, akatueleza nafasi kati ya mche na mche kama aliyezaliwa huko. Alipotajiwa bei ya kilo ya mwani mkavu alicheka kile kicheko cha mkulima wa alizeti. Akarudi tena kesho yake. Mimi nilikwenda na kandambili, nikajuta. Nunueni yeboyebo, huko chini kuna wadudu wa miiba kama nungunungu.

Kijana mmoja alitaka kutupeleka mwambani kwa ngalawa. Mama akakataa, akasema anayelala kwenye mashua kila usiku hana haja ya kuilipia mchana.

Bafu liko nyuma, ukuta unafika shingoni na juu ni mbingu. Usiku unaoga nyota zikikutazama, jambo ambalo mke wangu atalisimulia mpaka tuzeeke. Maji ni ya kisima na yana chumvi, sabuni inagoma kutoa povu. Usiache sabuni ukutani hata dakika moja. Tuliibiwa vipande viwili na kunguru, cha tatu alikichukua mbele ya macho yangu nikiwa na povu kichwani, lile kidogo nililolipata kwa shida. Maji ya kunywa mzee analeta kwenye dumu, hilo halina tatizo.

Chakula cha asubuhi ni mkate wa kumimina au chapati, muhogo wa nazi, na chai ya viungo. Jioni ukiagiza mapema mke wa mzee anapika, kwa bei ya kirafiki. Pweza wake wa nazi alikuwa laini kiasi kwamba niliuliza siri. "Kipigo, mwanangu," akasema. Anampigiza mwambani kabla ya kumpika. Usiku wa tatu alileta changu wa kukaanga na wali uliokolea chumvi kupita kiasi. Tulikula tukanyamaza. Msikiti uko karibu na azana ya alfajiri inaingia mpaka ndani ya chandarua. Mama aliipenda, ilimkumbusha nyumbani. Wapenda usingizi wajipange. Chandarua cha juu kina tundu la kupitisha ngumi, tulilifunga kwa kibanio cha nywele.

Umeme niliuacha mwisho kwa makusudi, kwa sababu ndiyo kazi yangu na nikianza sinyamazi. Watu wa Unguja umeme wao unatoka kwetu bara, kwa waya wa kilovolti 132 uliolazwa chini ya bahari toka Ras Kiromoni hadi Fumba mwaka 2013. Waya mkubwa namna ile unavuka bahari salama, halafu unakuja kufia kwenye soketi ya shilingi elfu tatu. Nyumba ina soketi mbili, moja chini na moja juu. Nilipochomeka chaja ya simu ile ya chini ikacheka cheche. Nikafungua: chumvi imekula terminali zote, kijani kama zile chupa za ukutani, na waya wa ethi, ule wa usalama unaopeleka umeme ardhini, umekatwa ukakunjwa pembeni kana kwamba ni mapambo. Nikamwonyesha mzee. Akaniambia fundi aliyefunga ni wa zamani na hawaonani tena. Nikamwambia ni heri wasionane.

Siku ya tatu nilipanda daladala mpaka Paje, nikanunua soketi mpya na ethi rodi, ile nondo ya kuchomeka ardhini, nikazima breka na kuifanya kazi ile mwenyewe huku Mama amenishikia tochi. Ndiyo mara ya kwanza tumesimama karibu kiasi hicho katika miaka tisa. Mzee hakutaka nisilipwe. Tulipoondoka alitufungia pweza wawili wakavu kwenye gazeti, na boti nzima ikajua.

Ningerudi? Mke wangu ameshauliza tarehe za mwezi nusu. Mimi nitarudi na sabuni za kutosha. Ila mjue, soketi niliyopata kuibadilisha ni ya chini tu. Dukani walikuwa wamebakiwa na moja. Ya juu, pembeni ya kitanda, bado ni ileile. Usichomeke kitu humo, hasa ukitoka kuoga.