Vioja Mahakamani: kesi zilizohamia darasa la saba

Mwezi uliopita mafua yalinilaza siku mbili. Simu ndiyo iliyokuwa karibu na mkono, na kufikia jioni ya siku ya pili nilikuwa nimemaliza vipindi saba vya zamani vya Vioja Mahakamani kwenye YouTube. Mke wangu aliingia akanikuta nacheka, mara nakohoa, mara nacheka tena. Akauliza kinachochekesha ni nini. Nikashindwa kumweleza, maana nusu ya kile kicheko ilitoka darasa la saba, mwaka 1996, shule moja ya msingi nje kidogo ya Nakuru, na hiyo nusu haimo kwenye video.

Kwa wasiokijua (wapo, nimewapata hata kazini kwangu): hiki ni kipindi cha vichekesho cha KBC, shirika la utangazaji la taifa la Kenya, kikongwe kiasi kwamba kilianza shirika lenyewe likiitwa bado Sauti ya Kenya. Mandhari ni moja tu, chumba cha mahakama. Hakimu amekaa juu, karani anasoma shtaka, kiongozi wa mashtaka anainuka na faili lake, mshtakiwa anapanda kizimbani, na hapo ndipo Kiswahili kinapoanza kupata taabu. Hakimu ninayemkumbuka mimi ni Lucy Wangui. Kiongozi wa mashtaka ni Gibson Mbugua, na uso wake usiocheka ndio uliotuvunja mbavu kuliko mzaha wowote. Kizimbani walipishana Makokha, Otoyo, Ondiek Nyuka Kwota, Masaku na Tamaa bin Tamaa. Leo ni mshtakiwa, kesho ni shahidi, na wala hakuna aliyehoji.

Kwetu hatukuwa na televisheni. Iliyokuwepo ilikuwa ya jirani, nyumba ya tatu kutoka kwetu, Great Wall ya picha nyeusi na nyeupe iliyotumia betri ya gari. Betri ilipelekwa sokoni kwa baiskeli kuchajiwa, na tulipoiona ikirudi imefungwa kwa mpira kwenye keria tulijua wiki hiyo kuna kesi. Mama mwenye nyumba alikuwa na sharti moja: tunawe miguu kabla ya kuingia. Kijana wake mkubwa alibaki nje akizungusha mti wa antena, nasi tukimpigia kelele kutoka ndani, "Hapo! Hapo! Aa, umeipoteza!" KTN, kituo cha televisheni cha binafsi, ilikuwa imeanza tangu 1990 lakini kwetu ilikuwa hadithi ya watu wa Nairobi. Sisi tulikuwa na KBC, basi.

Tatizo lilikuwa taarifa ya habari ya saa moja. Wazee hawakuikosa, na ilikula betri. Kipindi kikianza tunakuwa tumebakiwa na chaji kiduchu. Mashtaka tunayasikia vizuri, ushahidi tunausikia, halafu picha inaanza kunywea kutoka pembeni. Hakimu anakuwa mwembamba, anakuwa mdogo kama stempu, anakuwa nukta nyeupe katikati ya kioo, kisha giza. Hukumu hatuisikii.

Naamini kama ile betri ingekuwa nzuri tungecheka tukaenda kulala, na nisingekuwa na la kuandika. Lakini asubuhi tulifika shuleni na kesi isiyo na hukumu. Mmoja anasema lazima amefungwa miezi sita. Mwingine anasema ameachiliwa, hakukuwa na ushahidi wa kutosha. Kufikia mapumziko ya saa nne ubishi ulikuwa umepamba moto, na njia pekee ya kuumaliza ikawa kuirudia kesi yote upya, nyuma ya darasa, chini ya mkaratusi.

Hakimu alikalia debe lililopinduliwa. Ushahidi uliapiwa juu ya Kamusi ya Kiswahili Sanifu, nakala pekee ya darasa, ambayo kiranja aliiazima mezani kwa mwalimu bila mwalimu kujua. Ilikuwa nzito, yenye jalada gumu, na aliyeishika aliona kweli ameshika kitu. Tulipoishiwa na kesi za KBC tukaanza kushtakiana wenyewe. Nakumbuka shtaka moja karibu neno kwa neno, kwa sababu niliyeshtakiwa ni mimi:

"Unashtakiwa kwamba mnamo Jumanne, saa nne na dakika kumi asubuhi, nyuma ya choo cha wavulana, ulikula maandazi mawili mali ya mwenzako bila idhini yake. Je, ni kweli au si kweli?"

"Ni kweli, lakini moja lilikuwa limeanguka..."

"Mshtakiwa, lakini hatuijui hapa!"

Watoto wa darasa la tano walisimama pembeni wakitazama kama vile nasi tuko kwenye kioo.

Sasa tuje kwenye insha. Aliyesomea KCPE, mtihani wa mwisho wa shule ya msingi uliofanywa hadi 2023, anajua: dakika 40, alama 40, na Kiswahili cha kujipamba. Wenzangu wote walianza na jogoo la kwanza au jua linalochoma kama tanuri, na kila aya ikabebeshwa methali mgongoni kama punda wa Lamu. Siku moja mwalimu wetu wa Kiswahili aliandika ubaoni "Siku za mwizi ni arobaini". Nikaona hii ni yangu. Insha yangu ilianza, "Simameni, hakimu anaingia!" Nikaweka karani, kiongozi wa mashtaka, mashahidi watatu na mwizi wa kuku aliyefikishwa kizimbani na manyoya bado yamemshika kwenye sweta. Niliandika hadi nikageuza ukurasa wa tatu, nikakabidhi nikiwa na hakika itasomwa hadi darasa la nane.

Nilipata 12. Chini yake kwa wino mwekundu: "Njoo ofisini."

Nilidhani naenda kuambiwa niache televisheni. Mwalimu hakuitaja. Alinitaka nimsomee kwa sauti sehemu ya mwizi, nikasoma. Kisha nimsomee sehemu ya hakimu, nikasoma. "Nani anaongea sasa?" Hakimu, mwalimu. "Na pale mwanzo?" Mwizi. "Mbona wanaongea sawasawa?" Nikatazama daftari. Kweli, mwizi wangu wa kuku alikuwa anasema "ewe mheshimiwa, maji yamenifika shingoni mithili ya mfa maji asiyeacha kutapatapa". Mwalimu akaniuliza kama kule kwenye kipindi wanaongea hivyo. Nikasema la. "Basi kasikilize kwanza. Nje ya alama za mtajo uongee wewe, kwa Kiswahili sanifu. Ndani, waache waongee wao."

Nimesoma vitabu kadhaa vya kuandika tangu siku hiyo na sijapata somo linaloipita ile dakika tano. Niliporudi kwa jirani sikutazama tena vituko, nilisikiliza midomo. Ndipo nikaanza kusikia mengi: mtu akibanwa na swali huanza kwa kulirudia. Shahidi mwongo hutaja saa na tarehe ambazo hakuna aliyemuuliza. Masaku akisema jambo na Ondiek akilisema hilohilo, ni mambo mawili tofauti, kwa sababu kila mmoja Kiswahili chake kimepitia lugha ya kwao kabla ya kufika mahakamani.

Insha iliyofuata nilipata 31. Mwalimu aliisoma mbele ya darasa, na hapa ndipo penye kidonda.

Nilihitaji sauti ya mlinzi wa usiku anayetoa ushahidi. Sauti niliyoijua vizuri zaidi ilikuwa ya rafiki yangu wa dawati, ambaye familia yao ilihamia kwetu kutoka upande wa Bungoma. Yeye baba alimwita "papa", na gari kwake lilikuwa "kari". Niliandika kila kitu jinsi alivyokisema. Mwalimu naye alikuwa msomaji hodari, akamsoma yule mlinzi kwa lafudhi kamili. Darasa zima likageuka, vichwa arobaini na kitu, kumtazama mtu mmoja. Walicheka hadi wengine wakalala juu ya madawati. Jina lake likawa Makokha kuanzia saa hiyo, na hakuwa amechaguliwa kwa uigizaji wake.

Siku tatu hakuja chini ya mkaratusi. Siku ya nne alikuja mapema kuliko wote, akakalia debe. Kiranja akamwambia ainuke, yeye ni shahidi. Akasema, "Leo mimi ndiye hakimu," na hakuinuka. Kisha akaagiza niletwe.

Shtaka langu lilikuwa la kuiba sauti ya mtu. Kiongozi wa mashtaka alijaribu kucheka pale hakimu alipotamka jina langu kwa namna yake, akaambiwa akirudia atalala rumande. Hakurudia. Nilikiri kosa. Nilihukumiwa kumbebea kidumu chake cha maji cha lita tano, kile cha kila Ijumaa cha kumwagilia vumbi darasani, kwa muda wa muhula mzima, bila faini wala rufaa. Nilikibeba. Kina mpini uliokatika nusu, na alama yake nadhani ningali nayo kwenye kidole.

Baada ya hapo sikuweza kukitazama kipindi kwa jicho lilelile. Aliye juu, hakimu, anaongea sanifu. Kiongozi wa mashtaka anaongea sanifu. Aliye kizimbani ndiye anayeongea kama bibi yangu. Hili sikuwahi kuliona hadi rafiki yangu alipokalia debe na sauti yake mwenyewe. Kwenye vipindi saba nilivyotazama juzi limo tele, na kuna mahali ambapo kicheko hakina kitu kingine ndani yake ila lafudhi ya mtu. Hapo nilinyamaza. Pia wanawake wengi wanaofika kushtaki wameandikwa kama wake wakorofi, na mzaha mmoja hurudiwa mara tatu mpaka ukapoteza ladha. Sauti ya rekodi nyingine ni ya kutega sikio.

Lakini hesabu haiishii hapo, kwa sababu waigizaji wenyewe walikuwa mafundi wa hali ya juu. Mfano wangu wa daima ni wa kipindi ndugu, Vitimbi, na Mzee Ojwang'. Nilikua nikijua kwamba yule mzee ni Mjaluo wa kutoka ziwani. Alipofariki Julai 2015 ndipo nikatia akilini kwamba jina lake lilikuwa Benson Wanjau na alikuwa Mkikuyu. Kusikiliza watu wa kwingine kwa makini kiasi hicho, miaka nenda miaka rudi, hadi hao watu wenyewe wakakuita wao, huko si kudhihaki. Rafiki yangu hakubaliani nami moja kwa moja katika hili, na ana haki.

Faida nyingine ni ya kuchekesha lakini ya kweli. Mwaka 2009 nilijikuta mbele ya hakimu halisi kwa kosa dogo la barabarani. Mahakama zetu za chini huruhusiwa kisheria kutumia Kiingereza au Kiswahili, na siku hiyo kilitumika Kiswahili. Wenzangu kwenye benchi walikuwa wakiulizana dhamana ni nini, kuahirishwa ni nini, mlalamishi ni nani. Mimi nilijua yote. Karani aliponiuliza, "Ni kweli au si kweli?" nilibana midomo kwa nguvu zote, nikajibu kweli, na kwa mara ya kwanza maishani nikajizuia kuongeza "lakini".

Nani akitazame? Mtoto wa darasa la nne kwenda juu anayesumbuliwa na insha atapata mengi, mradi mtu mzima akae naye na amuulize anacheka nini. Anayetafuta hadithi ndefu yenye mafumbo atachoka upesi, na atafute kwingine. Kama unajifunza Kiswahili cha Kenya jinsi kinavyoongewa na watu waliokuja nacho kutoka pande zote, sijui darasa la bei nafuu kuliko hili, ila hutalielewa bila mwenyeji pembeni. Natoa nyota nne. Ya tano naishikilia kama dhamana.

Yule rafiki sasa ana duka la vifaa vya umeme Kitale. Simu yangu imemhifadhi kwa jina Mheshimiwa. Nilipomaliza kipindi cha tatu nilimtumia kiungo, na baada ya saa moja akanitumia ujumbe wa sauti, "papa" na "kari" zake zote zikiwa mahali pake, akitaka kujua kama nimefika kwenye hukumu.

Nikamjibu kwamba betri imeisha.